Kidude cha 1000X: shajara yangu ya darasani na nyumbani

Ijumaa, wiki ya pili ya muhula

Imefika, hadubini ya yuesbi, ile inayotoa picha kwenye kioo cha laptopu. Imetoka Kariakoo na basi la asubuhi, nimeipokea stendi ya Msamvu hapa Morogoro ikiwa kwenye boksi dogo lililozungushiwa selotepu kama mtu anasafirisha dhahabu. Elfu hamsini na tano pamoja na nauli ya mzigo, hela yangu mwenyewe, maana ya shule ningeandika barua mpaka nistaafu. Boksi limeandikwa 1000X kwa maandishi mekundu makubwa. Ndani kuna kidude chenyewe, kinene kama betri kubwa ya tochi, waya wa yuesbi wenye kigurudumu cha kuongeza na kupunguza mwanga, taa 8 za LED zimezunguka lenzi, kistendi cha chuma chepesi kupita kiasi, na vichwa viwili vya kuchomekea kwenye simu.

Sababu ya kununua naiandika hapa nisije nikasahau. Maabara yetu ina hadubini moja ya kuchungulia inayofanya kazi, nyingine mbili lenzi zimeota ukungu. Darasa lina wanafunzi 68, vipindi viwili vilivyoungana ni dakika 80, piga hesabu, kila mmoja anapata sekunde 70, na humo humo kuna anayefumba jicho ambalo ndo alitakiwa kuonea, kuna anayegusa skrubu picha ikapotea kwa wote waliobaki, na kuna wale wa "nimeona madam" ambao hawajaona kitu zaidi ya kope zao. Na mimi sina namna ya kujua maana jicho ni la kwake. Nataka kioo kimoja wote tuangalie nioneshe kwa kidole, basi.

Ijumaa hiyo hiyo, usiku

Laptopu haikuitambua saa nzima. Nikadhani nimeuziwa mbovu, nikaanza kumtumia muuzaji meseji za hasira (hajajibu mpaka naandika hapa), kumbe nilikuwa nafungua kidisiki kilichokuja na boksi na laptopu yangu hata pa kuwekea disiki haina siku hizi, nahangaika kuazima. Nikajaribu kufungua programu ya kamera ya kawaida tu ile ya kwenye laptopu, nikabadilisha kamera, hiyo hapo. Kompyuta inaiona kama kamera ya kawaida. Haihitaji kitu kingine. Simu yangu imeikataa kabisa, ya mume wangu imeikubali, inategemea kama simu ina OTG, yaani uwezo wa kupokea vifaa vya yuesbi.

Baada ya hapo sikuishika tena. Mwanangu wa darasa la nne kaichukua, kaiweka kwenye kioo cha simu, akapiga kelele jirani akaja kuuliza kuna nini. Ile rangi nyeupe ya simu ukiikaribia haina nyeupe hata kidogo, ni vijitaa vyekundu, kijani na bluu vimepangana, jicho ndo linachanganya. Kisha kanga yangu, nyuzi zinapita juu chini kama mkeka. Kisha ulimi wa mdogo wake. Kisha pua, hapo nikaizima.

Jumapili

Leo nimetulia na rula ya wanafunzi, ile ya plastiki inayopitisha mwanga. Nilitaka kujua hiyo 1000 iko wapi.

Hii kitu inashika fokasi sehemu mbili tu: ukiiweka mbali na kitu unapata picha ya eneo kubwa, na ukiiweka karibu kabisa lenzi inakaribia kugusa unapata ile kubwa ya mwisho. Katikati hapo unazungusha tu na hamna kitu. Nikaweka rula kwa ile ya karibu, kwenye picha nzima ikaingia milimita 1.5. Picha kwenye kioo cha laptopu ina upana wa sentimita 23, yaani milimita 230. Gawanya kwa 1.5, unapata 153. Hiyo ndo ukuzaji wake kwangu, mara 150 hivi, sio elfu.

Ila subiri. Nikikopa projekta ya shule nikarusha picha ukutani ikawa na upana wa mita 1.8, hesabu inatoka mara 1200. Kwa hiyo boksi halijadanganya bhana! Ukuta mpana zaidi nitafika hata 2000. Shida ni kwamba kitu ambacho hakikuwepo kwenye picha ndogo hakizaliwi kwenye picha kubwa, unapata vumbi lile lile limekuwa nene. Picha yenyewe ni pikseli 640 kwa 480, kwenye programu unaweza kuchagua ukubwa zaidi lakini faili linanenepa tu na hamna kipya. Pikseli 640 ndani ya milimita 1.5, maana yake kila pikseli imebeba kama maikromita 2.3, yaani ukigawa milimita moja vipande elfu, ni vipande viwili na kitu. Chochote kidogo kuliko hapo hakipo, hata nikirusha kwenye ukuta wa uwanja wa mpira.

Nimeandika namba hii nyuma ya daftari kwa wino mwekundu: pikseli 427 = milimita 1. Unywele wangu umetoka pikseli 30, yaani milimita 0.07. Wa mwanangu pikseli 26. Tumepima na wa paka.

Jumatano, kipindi cha kwanza

Aibu tupu. Projekta ilipatikana, ekstensheni ikapatikana, umeme ulikuwepo, nikasahau jua. Darasa lina madirisha pande zote mbili na pazia hamna hata moja. Ukutani ikaonekana kitu kama maziwa yamemwagika. Tukafunika madirisha kwa makoti na mabango ya kampeni ya usafi, joto likapanda, wakaanza kupepea na madaftari.

Nikaweka ngozi ya kitunguu. Nyeupe. Nyeupe juu ya nyeupe, zile taa 8 zinapiga kutoka juu zinarudi zote kwenye lenzi kama vidoti vinane vinavyong'aa. Na ile stendi, mtu akipita tu nyuma ya meza picha inacheza kama tetemeko. Mvulana wa nyuma akauliza swali ambalo nililijua litakuja: "Madam, tuwekee damu tuone malaria." Darasa zima wakashangilia. Nikasema tutaona, neno ambalo mwalimu hulitumia akiwa hana jibu.

Alhamisi na Ijumaa

Marekebisho matatu, nayaweka kwa kina maana mwenzangu wa shule ya jirani ameomba.

Mwanga. Kitu kinachopitisha mwanga kimulikwe kutoka chini, kitu kisichopitisha kimulikwe kutoka juu. Ndo siri yote, na niliifundisha mwenyewe miaka saba kwenye hadubini ya kawaida, sijui kwanini sikuifikiria. Nimezima zile LED, nimewasha tochi ya simu chini, juu yake kifuniko cheupe cha kopo la mafuta kutawanya mwanga, juu yake slaidi.

Kitunguu. Achana na cheupe. Chukua kitunguu maji chekundu, bandua ile ngozi ya nje ya gamba yenye rangi ya zambarau, inakuja yenyewe ukivunja gamba nusu ukavuta. Rangi tayari imo ndani ya seli, hutaki iodini wala nini.

Stendi. Hii ilinipeleka kwa fundi seremala. Nilimweleza nataka kitu kinachopanda na kushuka kidogo kidogo sana, akanisikiliza, akaniuliza "kidogo kiasi gani dada?", nikasema robo milimita. Akacheka. Kisha akachukua bolti ya spana teni, akasema hii ukiizungusha mara moja inapanda milimita moja, basi zungusha robo. Kaweka kibao chini, kidude kimefungwa imara kwenye nguzo ya mbao hakiguswi tena, kinachopanda ni kibao kidogo cha slaidi kinachosukumwa na bolti. Elfu nane. Kile chuma kilichokuja na boksi nimempa mwanangu achezee.

Jumatano, kipindi cha pili

Seli. Zimekaa ukutani kama matofali ya zambarau, ndefu, moja moja karibu robo milimita, na wote 68 wanaziona wakati mmoja. Kwa mara ya kwanza mtu akasema "kile cheusi pale ni nini" na nikajua anaongelea kipi, kilikuwa povu la hewa, nikaonesha kwa fimbo, na wote waliokuwa wameshaandika "nyuklia" (kiini cha seli) wakafuta.

Nikadondoshea maji ya chumvi pembeni nikayavuta kwa karatasi upande wa pili. Dakika tatu hivi. Ile zambarau ikaanza kuachia ukuta wa seli, inajikunja, inakuwa kidonge katikati. Mada hii ya osmosisi huwa wanaikariri na mshale wa kuingia na mshale wa kutoka, leo wameona maji yanaondoka. Kuna binti wa mbele hajawahi kunyoosha mkono tangu aanze shule, alisimama kabisa akasema "inakauka madam, ndo maana mboga ya chumvi inatoa maji." Sikuongeza kitu.

Mmoja alikata tamaa niliposema ni mara 150 tu. Nikamwambia Robert Hooke aliyeona seli za koki akaziita jina hilo mwaka 1665 inakadiriwa chombo chake kilikuza mara 50 hivi. Akasema basi sisi tumemzidi. Hewala.

Jumamosi, nyumbani

Mama mkwe amekuja kutoka Kilosa na debe la mahindi, kwa huzuni, amelileta nilione. Ukiinua gunzi unga unamwagika. Kabla sijasema neno akasema, "huyu ni dumuzi mwanangu, fukusi hali hivi." Nikamuuliza umemuona? Akasema sina haja ya kumuona, tazama unga.

Tukawasha kidude kwenye meza ya jikoni. Hapa ndo mahali pake hasa, mdudu wa milimita tatu au nne anajaa kioo chote na bado unaona vinyweleo. Fukusi wa kwenye mahindi ya dukani tulimuweka kushoto: ana pua ndefu imepinda, huwezi kukosea, kama katembo. Dumuzi kulia: hana pua, mwili ni kama risasi, ukimtazama kwa juu kichwa hukioni kimeinamia chini, na nyuma amekatwa kama kwa wembe, mteremko wa ghafla. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "kumbe ndo sura yake. Miaka yote hii ananila tukiwa nyumba moja."

Akatuhadithia walivyomjua wakati huo akiwa msichana. Dumuzi sio wa kwetu, asili yake Amerika ya Kati, hapa nchini alijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoani Tabora, na wazee wakambandika jina la Skania, lile lori, kwa jinsi anavyobomoa. Hali mahindi tu, anakula hadi muhogo mkavu na anatoboa mbao za ghala lenyewe. Ndo maana, mama akasema, ukisafisha ghala ukaacha yale magunzi ya zamani na mbao mbovu umemuachia kitanda. Mwanangu alikuwa anaandika. Sikumwambia aandike.

Nilimuuliza kama kumuona kunasaidia kitu maana alishamjua kwa unga. Akasema inasaidia kwa wale wanaonunua dawa bila kujua wanamuua nani, maana wapo wanaomwagia dawa ambayo fukusi anakufa na huyu anaendelea kutafuna. Alhamdulillah, debe lingine aliloweka kwenye mifuko ile ya kuzuia hewa limepona.

Wiki ya tano, tukio ambalo sikulipenda

Niliwaambia kila kundi lilete kitu. Mmoja akaja na unywele wake kaung'oa pale pale, tukaweka, na ukutani ukaonekana mviringo mweupe umeganda kwenye unywele kama chembe ya mchele. Mayai ya chawa. Nusu sekunde ya kimya halafu darasa likalipuka. Nilichomoa waya haraka lakini walishaona, na mtoto wa watu akatoka nje hakurudi mpaka kengele.

Ni kosa langu. Nilikuwa na kioo ambacho wote wanaona na nikafurahia jambo hilo siku zote hizi bila kufikiria upande wake wa pili. Nilimfuata, tuliongea, siandiki tuliyoongea. Kesho yake nilikata unywele wangu mwenyewe mbele yao, na sheria ikawa: vitu vya mwili haviendi ukutani, nywele ngozi kucha mate vyote, anayetaka ajipimie pembeni kwenye laptopu peke yake.

Wiki ya saba, malaria

Mvua zimeanza, na deni la malaria halijalipwa. Nimewatuma makundi mawili. Kundi moja lilete viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la maji machafu nyuma ya jiko la shule, jingine kutoka kwenye madimbwi ya uwanjani, zile alama za kwato za ng'ombe zinazojaa maji safi na kupata jua.

Kabla hata ya kidude wakaona tofauti kwenye bakuli. Wa pipani wananing'inia, kichwa chini, mkia juu, wanapumua kwa kibomba. Wa kwatoni, wachache, wamelala sambamba na uso wa maji, hawana kibomba. Hao ndo jamii ya Anofelesi, ndo wanaokua kuwa mbu wa malaria. Tukawaweka mmoja mmoja kwenye kijiko cheupe na maji kidogo sana, maana ukiweka maji mengi anazama anatoka kwenye fokasi na unaanza kumfukuza kama kuku. Wana mwili unaopitisha mwanga, chakula kinaonekana kinasogea tumboni, na kwenye mgongo kuna mrija unadunda. Moyo wa mbu. Kelele zilizotoka hapo mkuu wa shule alikuja mlangoni, akasimama, akaingia, akakaa.

Kisha yule mvulana wa nyuma, hajasahau: "sasa malaria yenyewe?"

Safari hii nilikuwa tayari. Nikawaandikia ubaoni ile namba nyekundu, pikseli moja maikromita 2.3. Nikawaambia chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 mpaka 8, haya hesabuni. Pikseli tatu. Kimelea cha malaria akiwa mchanga ndani ya chembe hiyo ni kapete kasikofika hata theluthi ya chembe. Hesabuni. Wakanyamaza, mmoja akasema haifiki pikseli moja. Ndiyo, haifiki. Zahanati wanatumia lenzi ya 100 yenye tone la mafuta na ya jichoni ya 10, zinazidishwa zinafika 1000, na ile 1000 inaonesha vitu ambavyo ya boksi letu haioni. Yule mvulana akauliza, sasa kwanini zote zinaitwa elfu? Nikamwambia muulize aliyechapa boksi. Akaandika kwenye daftari, nimeliona nilipokuwa nasahihisha: *ukuzaji sio kuona.* Sikuisema mimi hiyo.

Wiki ya tisa, inalala kwa wanafunzi

Mkuu amekubali itoke. Kila wikiendi kundi la watano, sharti nyumba moja kati ya hizo tano iwe na simu inayoikubali (kati ya simu 11 tulizojaribu 7 zimekubali), na walete picha tatu zenye kipimo, sio picha tu. Rula inawekwa kwanza, maana ukibadilisha simu upana wa picha unabadilika na ile 427 yangu haifanyi kazi tena, hili limenigharimu Jumapili nzima kugundua kwanini kundi la pili wana chumvi kubwa kama maharage.

Vilivyorudi: chumvi ya mezani, viboksi kweli kweli, pembe nne. Sukari haina nidhamu hiyo. Picha ya rangi kwenye kitabu cha kiada, imegeuka vidoti vya samawati, waridi, njano na nyeusi, na ngozi ya mtu aliyechorwa ni vidoti vyote vinne. Jani la mchaichai, ukingo wake ni msumeno, ndo maana linakata vidole, ningekuwa nalifundisha kwa maneno mpaka kesho. Kunguni, wameleta wawili, na barua ya mzazi inayosema asante lakini msiwarudishe. Kundi la nne wamejaribu stomata (vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa) za kongwe, lile jani la maua ya bluu, kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, wakapaka chini ya jani, ikakauka, wakaibandua kwa selotepu. Zinaonekana, ndogo, kama midomo imebana. Nina wasiwasi nusu ya walichochora ni mapovu ila nimewapa maksi.

Leo

Waya umelegea pale unapoingia kwenye kidude, picha inakata ukiugusa. Nimezungushia selotepu nyeusi, Jumatatu unaenda kwa fundi simu. Mama mkwe amepiga, ananiuliza wanangu mnatumia kile kidude wikiendi hii? Nikamwambia kina zamu ya kundi la tano. Akasema sawa, ila majirani zake watatu wana magunia na wanabishana ni fukusi au ni yule mwingine, na kesho kuna basi la saa moja, atatuma wadudu kwenye chupa za dawa ya kikohozi, ameshaziosha.